Shukrani kwa mwalimu na ziwe maalumu

Kila mwaka ifikapo tarehe 5 Oktoba, ulimwengu huadhimisha Siku ya Walimu. Maadhimisho hayo yalianzishwa mwaka 1994 chini ya uongozi wa shirika la UNESCO, kwa kumbukumbu ya pendekezo la kimataifa kuhusu hadhi ya walimu lililopitishwa mwaka 1966. Siku hiyo viongozi hupanda jukwaani, wakamwita mwalimu mshumaa unaoteketea ili wengine waone, wakamwita mzazi wa pili, wakamwita nguzo ya taifa. Makofi hupigwa. Jioni maturubali hukunjwa, viti vikarudishwa vilikokodiwa, naye mwalimu akashika njia ya nyumbani asijue hasa ameshukuriwa kwa lipi.

Sina ugomvi na makofi. Ninalotaka kulidai katika safu hii ni jambo moja tu: kwamba shukrani zisizotaja tendo hazimfai mwalimu, wala hazimfai anayezitoa, wala hazilifai taifa linalotaka kupata walimu wema zaidi. Anayemshukuru mwalimu hana budi kumtolea ushahidi. Aseme mwalimu huyu alitenda nini, wapi, na kulizuka nini kutokana na tendo hilo.

Lugha yetu yenyewe inatufunza hivyo. Neno ahsante tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni kauli inayoelekezwa kwa mtu: "umetenda vyema". Halisemi kwamba mimi nimefurahi, wala halisemi kwamba moyo wangu umejaa. Linamtazama mwenziwe usoni na kuhukumu kitendo chake kwamba ni chema. Waswahili walielewa vizuri kwamba neno hili huelekezwa kwa mtu, ndiyo maana tunapowaambia wengi tunaongeza kiambishi cha wingi tukasema ahsanteni, kana kwamba ni kitenzi cha kuamrisha kama njooni au ketini. Kwa hiyo mtu akitamka ahsante amekwisha kujitwika deni la kuthibitisha: huyu ametenda vyema, na ushahidi ninao.

Tena kuna hili. Elimu, mwalimu, taaluma na maalumu ni maneno ya mzizi mmoja, ule wa kujua. Maalumu ni kile kinachojulikana, kilichobainishwa, kisichochanganyika na vingine. Haifai basi mwalimu, ambaye kazi yake ni kubainisha, ashukuriwe kwa maneno ya jumla ambayo yangeweza kuambiwa chifu, dereva au mchezaji wa kandanda bila ya kubadilishwa hata silabi.

Huko kwetu Taita wazee wa zamani walikuwa na ada iitwayo kutasa. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti katika milima hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliichunguza kwa makini na kuifanya kiini cha kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1978. Mtu aliyekuwa na kinyongo hakuambiwa akisahau tu. Alichukua funda la maji au la pombe ya miwa, akalipuliza nje, huku akitamka kwa sauti maneno ya kuitoa hasira moyoni na kuwatakia wenziwe heri na afya. Ilikuwa imani yao kwamba nia njema iliyofungiwa kifuani haitoshi. Sharti itamkwe na isikiwe. Leo wengi wetu ni Wakristo au Waislamu, na sihubiri kurudi kwenye ada hiyo. Lakini fikra yake ni nzito: wema wa moyoni ambao haujapita kinywani haujamfikia mtu.

Tazama mfano mwingine kutoka milima hiyo hiyo. Upande wa Wundanyi iko shule ya upili ya wavulana iitwayo Dr. Aggrey. Wako Wakenya wengi, hasa magharibi mwa nchi, walioitwa Aggrey na wazazi wao. Je, wanafunzi wangapi wanaovaa sare ya shule hiyo wanaweza kusema Aggrey alitenda nini hata jina lake likavuka bara zima na kufika kwenye mabonde ya Taita? James Emman Kwegyir Aggrey alizaliwa mwaka 1875 huko Anomabu, katika nchi iitwayo leo Ghana. Alikuwa mwalimu. Alisoma na kufundisha Marekani kwa miaka mingi, na mwaka 1924 alizuru Afrika Mashariki, Kenya ikiwamo, akiwa Mwafrika pekee katika tume ya Phelps-Stokes iliyotumwa kuchunguza elimu ya Waafrika. Alikuwa mmoja wa waasisi wa Chuo cha Achimota, na alifariki mwaka 1927. Hebu fikiria ilikuwa na maana gani, katika Kenya ya walowezi, kumwona mtu mweusi ameketi meza moja na wakaguzi wa elimu akiuliza maswali badala ya kuulizwa.

Mmoja wa waliomtolea Aggrey ushahidi ni Kwame Nkrumah, aliyemfahamu akiwa kijana anayesomea ualimu. Katika tawasifu yake ya mwaka 1957 Nkrumah alieleza kwamba Aggrey ndiye aliyemwamsha kwanza katika fikra za utaifa, na kwamba mfano wake ndio uliomfanya naye atamani kwenda Marekani kusoma. Lakini hakuishia katika sifa. Aggrey alikuwa akihubiri mapatano ya watu weusi na weupe, akiwafananisha na vibonye vya piano ambavyo muziki wake hukamilika vikipigwa pamoja. Nkrumah aliandika waziwazi kwamba hakukubaliana naye hapo: kwake yeye mapatano hayo yanawezekana tu pale pande mbili zinapokuwa sawa. Je, huko kulikuwa kumkosea adabu mwalimu? La hasha! Mwalimu aliyemwamsha mwanafunzi amemwamsha hata afikiri kinyume naye, na hakuna ushahidi wa kazi yake ulio mzito kuliko huo.

Sasa nami nitoe ushahidi wangu, kwani haifai kuwadai wengine kile ambacho mtu mwenyewe hakitoi. Mwalimu wangu alinifundisha Kiswahili katika shule ya msingi mjini Voi mwishoni mwa miaka ya 1980. Jina lake nimelitaja mbele yake na mbele ya wanawe na wajukuu wake; gazetini amenisihi nisilitaje, nami namheshimu. Matendo yake lakini hakunikataza kuyataja.

Msomaji asiyeijua Voi na aelewe kwanza kwamba mji ule ni zao la reli. Reli ilifika hapo mwishoni mwa karne ya 19, na wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza ikatolewa tawi la kwenda Taveta hadi Moshi. Mashamba ya mkonge nayo yakaleta vibarua kutoka pande nyingi. Hivyo darasa letu halikuwa darasa la kijiji kimoja. Mlikuwa na Wadawida walioshuka kutoka milimani, Wasagalla wa mlima unaouinamia mji, Wakamba, Wagiriama, na Wajaluo ambao baba zao walikuwa wafanyakazi wa reli. Kila mtoto alifika shuleni na lugha ya mama yake, na Kiswahili cha mtaani kama kivuko baina yetu.

Mfumo wa 8-4-4 ulikuwa umeanza mwaka 1985, na pamoja nao Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa katika KCPE. Mtihani uliotangulia, CPE, haukuwa na karatasi ya Kiswahili kamwe. Kwa ghafla walimu wakatakiwa kufundisha kwa ajili ya mtihani somo ambalo jana tu lilikuwa la kujazia ratiba. Katika shule nyingi nchini kulikuwa na kipande cha ubao kilichotungwa uzi, akavishwa shingoni mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya kwao, naye akamtafuta mwenziwe wa kumrithisha, na jioni wote waliokipokea wakachapwa. Shule yetu nayo ilikuwa nacho. Hii ni kabla ya mwaka 2001, viboko vilipopigwa marufuku.

Mwalimu wangu alipokabidhiwa darasa letu alikitwaa kibao kile, akakikagua pande zote mbili, kisha akakitia kama kabari chini ya mguu wa meza yake uliokuwa mfupi. Hakutoa hotuba. Tangu siku hiyo meza haikutikisika, na hakuna aliyethubutu kuja kukichomoa.

Kisha akafanya jambo la pili, ambalo ndilo lililoniamulia maisha. Aliandika ubaoni neno watu, akauliza kila mmoja wetu: nyumbani kwenu mwasemaje? Tulisita, kwa sababu swali hilo jana lilikuwa kosa. Mgiriama akasema atu. Mdawida akasema wandu. Mkamba akasema andu. Mwalimu akayapanga maneno hayo kwa safu, moja chini ya jingine, akatuambia tuyatazame tu bila ya kusema neno. Tukayatazama. Hata mtoto wa mwisho darasani akaona kwamba yale maneno yalikuwa ndugu. Ndipo akamgeukia mwana wa mfanyakazi wa reli, Mjaluo, naye akasema ji. Baadhi yetu tukacheka. Mwalimu hakukaripia. Alisema kwamba neno lile halikuwa la ukoo huu bali la ukoo mwingine mkubwa, na kwa kuwa ni mgeni wetu, inatupasa kumjua zaidi. Akamweka kijana yule mbele ya darasa atufundishe kuhesabu: achiel, ariyo, adek, ang'wen, abich. Aliyekuwa akichekwa akawa mwalimu kwa nusu saa, na mimi hesabu ile sijaisahau hadi leo.

Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, nilisomeshwa kwamba kuzilinganisha lugha kwa kuyapanga maneno yao safu kwa safu ndiyo njia ambayo wanaisimu walitumia kuthibitisha kwamba lugha za Kibantu zina asili moja. Nilipewa majina ya wataalamu wa Ulaya waliouasisi uchunguzi huo katika karne ya 19, nami nawaheshimu. Ila mbinu yenyewe nilikuwa nimekwisha kuikuta Voi, imeandikwa kwa chaki, na mtu ambaye hakuwa na shahada hata moja.

Alitenda na mengine. Kila wiki alileta darasani gazeti la Kiswahili lililokwisha kusomwa nyumbani kwake, akatugawia kurasa, kila kundi lisome habari moja na kuisimulia upya kwa maneno yake. Insha hakuzijaza wino mwekundu, alipiga mstari chini ya sentensi moja tu na kuandika pembeni: "Hapa ulitaka kusema nini?" Swali hilo ni gumu kuliko alama ya mkasi. Mpaka sasa nawauliza hivyo hivyo wanafunzi wangu wa shahada ya uzamili.

Wala si kwamba nakubaliana naye kwa kila jambo. Yeye aliamini kwamba Kiswahili safi ni kile cha Mvita na Unguja tu, na Sheng aliiita takataka za barabarani. Mimi, kwa kazi yangu, naiona Sheng kuwa msimbo wenye kanuni zake unaostahili kuchunguzwa, hata kama haina nafasi katika karatasi ya mtihani. Tumebishana juu ya hilo sebuleni kwake zaidi ya mara moja, na hakuna aliyemshinda mwenziwe. Bado ndiye aliyeniwezesha kubishana.

Kwa nini nimeeleza yote haya kwa kirefu? Si kwa sababu mwalimu wangu anawashinda wa wengine. Ni kwa sababu nikisema tu kwamba alikuwa mwalimu mwema aliyetupenda, mwalimu kijana anayesoma gazeti hili hatapata kitu cha kwenda nacho darasani kesho. Nikieleza alivyoyapanga maneno ubaoni, amepata. Hapa ndipo lilipo jambo kubwa. Wema wa walimu wetu wengi huzikwa pamoja nao, kwa kuwa wale waliofaidika nao walitoa shukrani za jumla. Hakuna ripoti ya wizara iliyorekodi jinsi mwanamke mmoja alivyolitatua, kwa chaki na subira, tatizo la darasa lenye lugha tano. Hata leo walimu wa madarasa ya chini katika miji kama Voi, Mwatate na Taveta wanatakiwa na mtaala kuzithamini lugha za nyumbani, nao wanauliza: lugha ya nani, tukiwa na watoto wa kila kabila? Jibu lilikuwapo ubaoni zaidi ya miaka 30 iliyopita. Wanaoweza kulitoa ni wanafunzi wake tu.

Hasara kama hii si mpya kwetu. Mwaka 1883 mmisionari Joseph Alfred Wray alifungua kituo cha CMS katika mlima wa Sagalla, na mwaka 1894 kikachapishwa kitabu chake kidogo cha kuitambulisha lugha ya huko. Kitabu hicho tunacho hadi sasa, na jina lake tunalo. Lakini lugha ile yeye hakuiota usingizini. Alifundishwa na Wasagalla waliokaa naye, wakamsahihisha matamshi na kumvumilia makosa. Hao nao walikuwa walimu. Ni nani miongoni mwetu anayeweza kuwataja?

Najua kuna watakaonipinga kwa methali: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Watasema mwalimu akisifiwa mno atalegea. Methali hiyo naiheshimu, ila naomba isomwe vizuri. Anayelevywa na sifa ni mgema aliyesifiwa yeye, kwa jumla, hadi akadhani kwamba chochote atakachokigema kitanyweka. Mwambie badala yake kwamba tembo la Jumamosi lilikuwa zuri kwa sababu hili na hili, naye atajua kwamba wanywaji wake wana ndimi zinazotambua ladha. Hatathubutu kutia maji. Shukrani maalumu ni kipimo. Humwambia mwalimu kwamba kazi yake ilitazamwa na watu wanaoijua.

Kinyume chake tumekuwa tukikishuhudia kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa. Siku hiyo walimu hubebwa mabegani, wakazungushwa uwanjani kwa nyimbo, ikiwa tu wastani wa alama umepanda. Wastani ukishuka, wazazi wale wale huja na kufuli kufunga lango la shule. Kwa tabia hii tunawaambia walimu wetu kwamba tunachokishukuru ni alama, si kufundisha. Matunda yake tuliyaona mwaka 2015, udanganyifu ulipokithiri katika mtihani wa KCSE hata matokeo ya maelfu ya watahiniwa yakafutwa, na mwaka uliofuata baraza la mitihani likavunjwa. Anayemshukuru mwalimu kwa alama pekee asishangae akiletewa alama zisizo na elimu.

Kuna mengi ya kushukuru ambayo hayamo katika orodha ya alama. Hifadhi za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948, zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti yetu. Katika vijiji vya Sagalla na Kasigau kuna asubuhi ambazo watoto hawathubutu kutoka mapema kwa sababu ya ndovu walio njiani. Mwalimu anayekwenda kuwapokea na kuwasindikiza, na mwalimu anayerudia jioni somo la saa ya kwanza kwa ajili ya waliochelewa, hana safu yake katika jedwali la matokeo. Mwaka 2019 Wakenya tulishangilia Bruda Peter Tabichi, mwalimu wa shule ya kutwa ya Keriko katika Kaunti ya Nakuru, alipotunukiwa huko Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani pamoja na dola milioni moja. Alistahili. Waliompa tuzo walitaja matendo: kwamba sehemu kubwa ya mshahara wake aliwapa wenye shida, kwamba alikuza chama cha sayansi katika shule isiyo na vifaa, kwamba aliwafuata wanafunzi hadi makwao. Lakini matendo hayo yalikuwa yakitendeka machoni petu. Je, mpaka Dubai itwambie?

Lipo pia deni ambalo maneno hayawezi kulilipa, hata yawe maalumu namna gani. Mwaka 1997, baada ya mgomo, serikali ilikubali kuwaongezea walimu mishahara kwa awamu katika muda wa miaka mitano. Awamu ya kwanza ililipwa, zilizofuata zikakwama, na mwaka 1998 walimu wakagoma tena. Waliostaafu kati ya mwaka 1997 na 2003 waliondoka na pensheni iliyopigiwa hesabu ya mishahara ya kale. Walikwenda mahakamani Nakuru, na mwaka 2008 wakashinda. Hata hivyo, kushinda kulikuwa jambo moja na kulipwa jambo jingine. Kwa miaka mingi wazee hao walipanda na kushuka ngazi za ofisi wakiwa na hukumu mkononi, na wengi wakafariki wakisubiri. Hali kadhalika mwaka 2024 tuliwaona walimu wanagenzi wa sekondari ya msingi wakiandamana kwa sababu ya posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kabla ya kupewa ajira ya kudumu mwaka 2025. Wakati wote huo kila Oktoba mshumaa ulikuwa ukisifiwa majukwaani. Shukrani za punda, wahenga walisema, ni mateke.

Ushahidi niuombao hauko mbali na haki hiyo. Mwalimu aliyesifiwa kuwa mshumaa ni rahisi kumwacha ateketee, kwani hiyo ndiyo kazi ya mshumaa. Mwalimu ambaye watu 40 wamesimama na kusema, mmoja baada ya mwingine, kwamba huyu alitenda hili na lile, ni vigumu kumfanya nambari katika faili. Anayejua thamani ya kazi huona aibu kuipunja.

Basi nayasema haya kwa wanafunzi kwanza. Msingoje mwalimu astaafu, wala msingoje arobaini yake. Chukua karatasi, andika tendo moja: siku fulani, katika somo fulani, ulifanya hivi, nami tangu hapo naweza hivi. Mpe mkononi, na nakala umpelekee mkuu wa shule. Kama una jambo usilokubaliana naye, liseme kwa adabu, halipunguzi shukrani. Na usimfungie noti ndani ya bahasha. Mwalimu ana mwajiri wa kumlipa mshahara. Kwako anahitaji kile ambacho mwajiri hawezi kumpa.

Kwa wakuu wa shule: wekeni daftari la ushahidi huo ofisini, lisomwe na kila mwalimu mgeni anayeripoti kazini. Litamfunza kuhusu shule yenu zaidi ya ubao wa mbao ulioandikwa wastani wa kila mwaka. Kwa vyuo vya ualimu, na kwa sisi wa vyuo vikuu pia: tuwatume wanagenzi wetu vijijini wawahoji walimu wazee, waandike mbinu zao kabla hazijapotea. Katika milima ya Taita na katika tambarare za Voi na Taveta wako wazee waliofundisha chini ya miti, bila ya vitabu, na watoto wakasoma. Walifanyaje?

Na kwa walimu wenyewe: ninyi pia mlifundishwa. Mwalimu asiyeweza kumtaja aliyemfundisha, na kitu alichofundishwa naye, atawadaije wanafunzi wake shukrani? Asiyeshukuru kidogo, hata kikubwa hashukuru.

Neno ahsante ni jepesi ulimini, na pengine wepesi huo ndio uliotusahaulisha uzito wake. Maana yake bado ni ile ile: umetenda vyema. Atakayelitamka mbele ya mwalimu wake na awe tayari kuulizwa papo hapo, na wote wanaosikia: alitenda nini?